Lishe Bora Huanzia Mchezoni: Nafasi ya Michezo na Ubunifu Katika Kuwafundisha Watoto Ulaji Unaofaa Mkoani Kagera

Mkoa wa Kagera ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye chakula kingi na cha aina nyingi. Ndizi, maharage, mahindi, mihogo, viazi vitamu, karanga, maparachichi na mapapai hustawi katika ardhi yake. Ziwa Victoria hutoa sato, sangara na dagaa, na mifugo ya wananchi hutoa maziwa, nyama na mayai. Pamoja na neema hiyo, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria Tanzania wa 2022 ulibaini kuwa asilimia 34.3 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, huku wastani wa Taifa ukiwa asilimia 30. Kwa maneno mengine, zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu hakui kama inavyopaswa, akiwa amezungukwa na mashamba.

Takwimu hizo ni nafuu zikilinganishwa na asilimia 41.7 iliyoripotiwa mkoani Kagera katika utafiti wa 2015/16. Hatua imepigwa, lakini safari bado ni ndefu. Swali linaloulizwa mara kwa mara na viongozi, wataalamu na wananchi ni hili: iwapo chakula kipo, ni kwa nini watoto wanadumaa?

Jibu lina sehemu nyingi. Maradhi ya kuhara na malaria humnyima mtoto faida ya kile alichokula. Kazi nyingi za mama shambani na nyumbani humpunguzia muda wa kumlisha mtoto mara kwa mara. Umaskini hufanya mayai na maziwa yauzwe badala ya kuliwa. Lakini ipo pia sababu inayohusu uelewa na mazoea: kushiba huchukuliwa kuwa ndiyo lishe. Katika kaya za vijijini, zikiwemo za Kata ya Nyantakara wilayani Biharamulo ambako maisha yanategemea kilimo na ufugaji, sahani iliyojaa ugali wa muhogo au ndizi huonekana kuwa mlo kamili. Tumbo hujaa, lakini mwili hukosa protini, madini na vitamini unavyohitaji ili kujenga mifupa, damu na ubongo.

Mazoea ya ulaji hujengwa mapema. Ndiyo maana wataalamu wa malezi na lishe wanasisitiza kuwa elimu ya lishe isiishie kwa wazazi kliniki, bali imfikie mtoto mwenyewe kwa lugha anayoielewa kuliko nyingine zote, nayo ni mchezo.

Kwa nini mtoto, na kwa nini mchezo

Udumavu ni hali ya mtoto kuwa na kimo kidogo kisicholingana na umri wake kutokana na lishe duni ya muda mrefu na maradhi ya mara kwa mara. Sehemu kubwa ya athari zake hutokea katika siku 1,000 za mwanzo, yaani tangu mimba kutungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Kwa hiyo ni vyema ieleweke mapema kwamba mchezo hautibu udumavu. Mtoto wa miaka mitano aliyekwisha kudumaa hatarudishiwa kimo chake kwa kucheza mchezo wa mboga na matunda. Lishe ya mjamzito, unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo na ulishaji sahihi wa nyongeza baada ya hapo ndivyo vinavyobaki kuwa nguzo.

Hata hivyo, zipo sababu tatu za kumfundisha mtoto aliyevuka umri huo. Ya kwanza ni kwamba upungufu wa virutubishi haukomi katika umri wa miaka miwili. Utafiti wa 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Upungufu huu, tofauti na udumavu, unaweza kurekebishwa katika umri wowote kwa mlo unaofaa na tiba. Mtoto mwenye damu ya kutosha huchangamka, husikiliza na hujifunza vizuri zaidi.

Sababu ya pili ni kwamba mtoto wa darasa la awali mara nyingi ana mdogo wake nyumbani, na wote hula kutoka chungu kimoja. Anaporudi na kuuliza kwa nini leo hakuna mboga za majani, swali lake huwafikia watu wanaopanga mlo wa mdogo wake ambaye bado yumo katika siku zake 1,000. Sababu ya tatu ni ya muda mrefu zaidi: mtoto wa leo ndiye mzazi wa kesho. Msichana anayekua akijua kuwa matembele na maharage vina kazi mwilini mwake, na mvulana anayekua akijua kuwa yai la mjamzito si anasa, watajenga kaya ya namna nyingine.

Kuhusu njia, uzoefu wa walimu na utafiti wa makuzi ya mtoto vinakubaliana. Mtoto wa miaka mitatu hadi sita hajifunzi kwa hotuba. Neno "protini" halimwambii kitu. Hujifunza kwa kugusa, kunusa, kupanga, kuhesabu, kuigiza na kurudia. Aidha, huo ndio umri ambao watoto wengi hukataa chakula wasichokizoea. Tafiti za ulaji wa watoto zimeonesha kuwa mtoto anaweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara nane, kumi au zaidi kabla ya kukikubali. Mzazi anayekata tamaa baada ya mara mbili huamini kuwa mwanawe hapendi mchicha, kumbe hajauzoea tu. Mchezo humpa mtoto nafasi ya kukutana na mchicha huo mara nyingi bila kulazimishwa: ataupanda, ataumwagilia, atauchora, atauuza katika duka la kuigiza, na siku utakapofika kwenye sahani hautakuwa mgeni.

Jambo hili si geni katika jamii za Kitanzania. Mchezo wa kujipikilisha, ambapo watoto hutumia vifuu, makopo, udongo na majani kuigiza mapishi, umechezwa nyuma ya nyumba kwa vizazi vingi. Kitendawili cha nyumba isiyo na mlango, ambacho jibu lake ni yai, kimefundisha watoto kufikiri kabla ya shule kuwapo vijijini. Kinachopendekezwa sasa ni kuutumia urithi huo kwa makusudi, ili ndani ya mchezo ule ule mtoto apate maarifa ya ulaji.

Mazingira ya kisera

Elimu ya lishe kwa umma ina historia ndefu nchini. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilianzishwa kwa sheria mwaka 1973, mwaka ule ule ilipoendeshwa kampeni ya "Mtu ni Afya" iliyowakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya "Chakula ni Uhai", iliyotumia njia hiyo hiyo kuzungumzia lishe. Kampeni hizo ziliwalenga watu wazima, lakini ziliacha somo moja la kudumu: watu hubadilika zaidi wanaposhiriki kuliko wanapoambiwa.

Katika miaka ya karibuni Serikali imeweka misingi inayomgusa mtoto moja kwa moja. Mkataba wa utekelezaji wa afua za lishe ulisainiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2017 baina ya Ofisi ya Rais - TAMISEMI na wakuu wa mikoa. Septemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alisaini na wakuu wa mikoa mkataba mpya wa muda mrefu zaidi. Mikataba hii inazitaka halmashauri, pamoja na mambo mengine, kutenga fedha za lishe kwa ajili ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano na kutoa taarifa ya matumizi yake.

Sambamba na hilo, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kutekelezwa kuanzia 2021/22 hadi 2025/26, inamtazama mtoto wa umri wa miaka 0 hadi 8 kwa maeneo matano kwa pamoja: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, fursa za ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Umuhimu wa programu hiyo kwa mada hii ni kwamba lishe na ujifunzaji haviwekwi katika vyumba tofauti. Mwalimu wa awali, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mzazi wanahesabiwa kuwa watendaji wa kazi moja.

Kwa upande wa shule, mitaala iliyoboreshwa ya 2023 ilianza kutumika Januari 2024 kwa madarasa ya awali, darasa la kwanza na la tatu. Ufundishaji wa elimu ya awali nchini hutumia michezo, hadithi na kona za kujifunzia, na utunzaji wa afya ni sehemu ya umahiri anaojengewa mtoto. Mwalimu anayetaka kufundisha lishe kwa mchezo hana haja ya kusubiri somo jipya. Tayari anayo nafasi katika ratiba yake.

Nguvu ya rangi na umbo

Ubunifu wa umbo, rangi na mpangilio si pambo. Mfano mzuri upo mikononi mwa wahudumu wa afya kila siku: utepe wa kupima mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto. Utepe huo una rangi tatu. Nyekundu, chini ya sentimita 11.5, huashiria utapiamlo mkali. Njano, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5, huashiria utapiamlo wa kadiri. Kijani, kuanzia 12.5 na kuendelea, huashiria hali nzuri. Mzazi asiyejua kusoma anaelewa matokeo papo hapo. Taarifa ambayo ingehitaji jedwali imewekwa katika rangi.

Mfano mwingine unatoka kwa majirani. Kati ya 2007 na 2009, mradi wa viazi vitamu vyenye rangi ya chungwa, vinavyojulikana nchini kama viazi lishe, uliendeshwa Uganda na Msumbiji. Viazi hivyo vina kiasi kikubwa cha kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Gramu 125 tu za aina nyingi za viazi hivyo, yaani kiazi kimoja kidogo, zinatosha mahitaji ya siku ya mtoto ambaye hajaanza shule. Wakati wa kuvieneza nchini Msumbiji, rangi ya chungwa yenyewe ilifanywa kuwa ujumbe: vibanda vya soko, nguo na magari vilipambwa kwa rangi hiyo, na nyimbo na maigizo vikatumika kuelezea. Mwananchi hakuhitaji kukumbuka jina la vitamini, alikumbuka rangi. Mwaka 2016 watafiti walioongoza kazi ya viazi hivyo, akiwemo Robert Mwanga wa Uganda, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, ukiwemo Mkoa wa Kagera, nayo ilifikiwa na juhudi za viazi vitamu kupitia mradi wa Marando Bora, uliosambaza marando safi ya aina zilizoboreshwa, viazi lishe vikiwemo, kwa wakulima kati ya 2009 na 2012. Mbegu kufika shambani ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili, ambayo ni kumfanya mtoto akipende kiazi hicho na kujua kwa nini anakila, ndiyo inayohitaji mchezo.

Ikumbukwe pia kwamba rangi na picha tayari vinatumika kumvuta mtoto, ila mara nyingi kwa faida ya bidhaa zenye sukari nyingi. Peremende, vinywaji vitamu na biskuti hufika hadi kwenye vibanda vya vijijini vikiwa katika vifungashio vya kung'aa vilivyobuniwa kwa ustadi. Papai na pera havina kifungashio. Mwalimu na mzazi wasipovipa sifa, hakuna atakayevitangaza.

Michezo inayoweza kuchezwa kwa vifaa vya kijijini

Mwongozo wa Kitaifa wa ulaji uliotolewa 2023 unagawa vyakula katika makundi sita: nafaka, mizizi yenye wanga na ndizi za kupika; jamii ya kunde, karanga na mbegu za mafuta; vyakula vyenye asili ya wanyama; mboga; matunda; na mafuta yenye afya. Makundi hayo sita ndiyo uti wa mgongo wa michezo ifuatayo, ambayo yote inaweza kuandaliwa bila kununua kifaa chochote cha dukani.

Mchezo wa kwanza ni sahani kubwa uwanjani. Mwalimu huchora duara pana chini kwa jivu au chokaa na kuligawa sehemu sita. Kila mtoto hupewa jina la chakula kinachopatikana kijijini: muhogo, maharage, dagaa, kisamvu, papai, karanga. Mwalimu anapopiga makofi, kila mmoja hukimbilia sehemu ya kundi lake. Kisha watoto hutazama: je, ipo sehemu iliyobaki tupu? Sehemu tupu ndiyo somo lenyewe. Watoto huulizwa ni chakula gani kiitwe ili sahani ikamilike. Mwili umekimbia, na akili imejifunza kwamba mlo una pande zaidi ya moja.

Mchezo wa pili ni duka au soko la darasa. Kona moja hupangwa visoda, vibuyu vidogo, maboksi na vyakula vilivyofinyangwa kwa udongo na kupakwa rangi za majani, mkaa na udongo mwekundu. Watoto huuza na kununua kwa fedha za karatasi. Muuzaji anatakiwa kueleza kazi ya chakula anachouza: hiki kinatia nguvu, hiki kinajenga mwili, hiki kinalinda mwili. Katika mchezo huo huo hujifunza kuhesabu, kusema kwa adabu na kungoja zamu.

Mchezo wa tatu, unaowafaa zaidi watoto wa miaka sita hadi minane, ni wa kutafuta marafiki. Vipo vyakula vinavyosaidiana mwilini. Madini chuma yaliyomo katika maharage na mboga za majani hufyonzwa vizuri zaidi mtu anapokula pamoja nayo tunda lenye vitamini C, kama pera, chungwa au papai. Vitamini A ya viazi lishe, karoti na mboga za majani huhitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee. Kinyume chake, chai inayonywewa pamoja na mlo hupunguza ufyonzwaji wa madini chuma. Watoto huvaa picha za vyakula shingoni. "Maharage" humtafuta "pera", "kiazi lishe" humtafuta "karanga", na "chai" huambiwa isubiri nje ya duara hadi mlo uishe. Ni maarifa ambayo hata watu wazima wengi hawanayo, lakini mtoto huyakumbuka kwa sababu alikuwa pera.

Mchezo wa nne ni bustani. Tuta moja la mchicha, maboga na matembele nyuma ya darasa, au gunia lililojazwa udongo pale ambapo nafasi ni ndogo, humpa mtoto kazi ya kila siku na kitu cha kujivunia. Mtoto aliyepima mche wake kwa kijiti kila wiki hana sababu ya kukataa kuuonja. Mchezo wa tano ni vitendawili: baada ya kufumbua vya wahenga, watoto hutunga vyao kuhusu vyakula vya nyumbani na kuwapelekea wazazi wavifumbue jioni. Kwa njia hiyo somo huvuka uzio wa shule.

Watoto wa umri wa miaka mitatu na minne watosheke na kugusa, kunusa, kutaja majina na kupanga kwa rangi. Wa miaka mitano na sita waweza kupanga kwa makundi. Wa miaka saba na minane waweza kueleza sababu na kupanga mlo wa siku moja kwa vyakula vya msimu uliopo.

Mambo ya kuzingatia

Mchezo mzuri huweza kuharibiwa na maandalizi mabaya. La kwanza ni kwamba picha na mifano iwe ya vyakula ambavyo mtoto anaviona. Bango lenye tufaha, zabibu na jibini humfundisha mtoto wa Nyantakara kwamba lishe bora ni ya watu wengine, walio mbali na wenye fedha. Bango lenye kisamvu, dagaa, parachichi, njugu mawe na senene humwambia kwamba lishe ipo karibu na mlango wa nyumba yao.

La pili ni kulinda heshima ya mtoto. Mwalimu asimtake mtoto mmoja mmoja kutaja mbele ya wenzake alichokula jana usiku. Zipo nyumba ambazo jana hazikupika. Mazungumzo yahusu sahani ya uwanjani, si sahani ya nyumba ya mtu. Vilevile chakula kisigawanywe kuwa "kizuri" na "kibaya". Ugali na ndizi si adui, bali vinahitaji wenzao.

La tatu ni usalama na usafi. Karanga nzima, punje za mahindi na visoda vidogo vinaweza kumkaba mtoto mdogo, hivyo visitumiwe na walio chini ya miaka mitatu, na kwa wakubwa kidogo vitumike chini ya uangalizi. Kila mchezo unaoishia na kuonja uanze kwa kunawa mikono kwa maji tiririka na sabuni. Chombo cha kunawia kinachotengenezwa kwa dumu, kamba na kijiti cha kukanyagia ni ubunifu mwingine ambao watoto huufurahia na unaoweza kutengenezwa kwa dakika chache.

La nne ni kutofuja chakula. Katika jamii inayoheshimu kazi ya mkulima, si vyema watoto kurushiana viazi au kukanyaga unga. Vyakula halisi vitumike pale vitakapoliwa. Kwingine, udongo na picha vinatosha. Na zawadi ya mshindi isiwe peremende, kwa kuwa itabatilisha somo zima.

Mchezo bila sahani halisi hautoshi

Hakuna mchezo unaoweza kushibisha. Mtoto anayefundishwa makundi sita ya vyakula asubuhi na kushinda na njaa hadi saa nane mchana hujifunza pia kwamba maneno ya shule hayana uhusiano na maisha yake. Ndiyo maana elimu hii inakamilika pale inapoambatana na huduma ya chakula shuleni, ambayo kwa mujibu wa miongozo ya Serikali inahitaji ushirikiano wa wazazi, kamati za shule na viongozi wa vijiji. Michango ya mahindi na maharage inayokubaliwa katika mkutano wa kijiji, pamoja na mboga kutoka bustani ya shule na kijiko cha karanga zilizosagwa kwenye uji, hugeuza sahani iliyochorwa uwanjani kuwa sahani inayoshikika.

Nafasi nyingine ni Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, inayofanyika kila robo mwaka. Siku hiyo watoto hupimwa, na wazazi hupata elimu na kuona mapishi ya pamoja. Watoto wa awali wanaweza kuwa walimu wa siku hiyo kwa kuonesha mchezo wa sahani au duka lao mbele ya wazazi. Baba ambaye hajawahi kufika kliniki atakuja kumtazama mwanawe akicheza. Hapo ndipo anapoweza kusikia kwamba yai moja lisilouzwa lina thamani gani kwa mkewe mjamzito.

Vyombo vya habari navyo vina mchango. Vipindi vya katuni vya Kitanzania vya Ubongo Kids, vilivyoanza kurushwa mwaka 2014, vimeonesha kuwa maudhui ya elimu kwa watoto yanaweza kubuniwa hapa nchini, kwa Kiswahili, na kupendwa. Kwa kaya zisizo na televisheni, redio inabaki kuwa chombo cha karibu zaidi. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 wakati wilaya hiyo ikiwa imepokea maelfu ya wakimbizi, ni ushahidi kwamba sauti inayozungumza na wananchi wa eneo husika hufika mahali ambapo bango halifiki.

Namna ya kutambua kuwa elimu imefika ni rahisi na haihitaji mtihani. Mwalimu atazame kama mtoto anaweza kutaja chakula kimoja cha kila kundi kinachopatikana kijijini, kama anaonja kile alichokikataa mwezi uliopita, na kama wazazi wanaanza kuulizia miche ya matembele au mbegu za mchicha. Mhudumu wa afya kwa upande wake ataendelea kupima uzito, kimo na mkono, kwa sababu mwisho wa yote kipimo cha lishe ni mwili wa mtoto.

Kagera inatokana na familia za watu 2,989,299 waliohesabiwa katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, na sehemu kubwa yao ni watoto. Ardhi inayowalisha ipo, sera zipo, na wataalamu wa lishe wapo katika halmashauri. Kinachotakiwa ni kila mzazi, mlezi, mwalimu na kiongozi wa kijiji kutenga muda mfupi kila siku wa kucheza na mtoto kwa makusudi: kumwachia achague mboga bustanini, amwage maharage katika ungo na kuyachambua, ataje rangi za vilivyomo kwenye sahani kabla ya kula. Wananchi wanashauriwa kuwatumia maafisa lishe, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na walimu wa madarasa ya awali katika maeneo yao ili kupata maelekezo zaidi, na kuwapeleka watoto wote wenye umri chini ya miaka mitano kupimwa siku za kliniki na siku za afya na lishe za vijiji.